Kikulacho ki nguoni mwako: Tea Party, mrengo wa Sanders na wazee waliolala

MWANAIDI: Eric Cantor na Joe Crowley. Nikikutajia majina hayo mawili, kaka Shabani, unakumbuka nini?

SHABANI: Wazee waliolala usingizi mnono, wakaamka hawana kiti.

MWANAIDI: (anacheka) Karibuni msikilizaji, tumeshaanza. Cantor alikuwa Mrepublican wa Virginia, kiongozi wa walio wengi katika Bunge la Wawakilishi la Marekani, mtu wa pili baada ya Spika John Boehner. Tarehe 10 Juni 2014 akabwagwa kwenye kura za mchujo za chama chake mwenyewe. Aliyembwaga ni Dave Brat, mwalimu wa uchumi chuoni. Miaka minne baadaye, 26 Juni 2018, Crowley, Mdemokrati mwenye nafasi ya nne katika uongozi wa chama bungeni na bosi wa chama pale Queens, jijini New York, akabwagwa na Alexandria Ocasio-Cortez. Binti wa miaka 28, mwaka mmoja nyuma alikuwa anahudumia wateja baa.

SHABANI: Na hakuna hata mmoja aliyeangushwa na mpinzani. Waliangushwa na wa nyumbani.

MWANAIDI: Kikulacho ki nguoni mwako.

SHABANI: Tena Cantor alikuwa na pesa za kumwaga. Magazeti ya kule yalipekua hesabu za kampeni yake, yakakuta zaidi ya dola 160,000 zimeishia kwenye mahoteli ya nyama. Brat kampeni nzima alitumia kama dola laki mbili hivi. Yaani mwenzake alikula kampeni ya Brat.

MWANAIDI: Crowley naye alialikwa kwenye mdahalo Bronx, akamtuma mtu amwakilishe. Unamtuma mtu kwenye mdahalo wako! Ila nimpe haki yake: usiku aliposhindwa alishika gitaa, akamwimbia wimbo aliyemshinda.

SHABANI: Hiyo ni ungwana. Sasa mimi hoja yangu ni rahisi, na najua utaipinga. Tea Party, lile vuguvugu la wapinga kodi upande wa Republican, na watu wa seneta Bernie Sanders na kundi la Justice Democrats upande wa Democratic, ni kitu kimoja kilichogeuzwa kushoto na kulia. Hasira ileile, mlango uleule, mbinu zilezile.

MWANAIDI: Mlango nakubali. Hasira na mbinu, twende polepole. Halafu mwisho wa safari sikubali kabisa.

SHABANI: Haya, mlango kwanza, yaani kura za mchujo, maana ndiyo siri yenyewe. Jimbo moja la uchaguzi wa Bunge la Wawakilishi kule lina watu laki saba na ushei. Siku Cantor anaanguka walipiga kura kama 65,000. Siku Crowley anaanguka hawakufika 30,000. Sasa wewe una watu elfu kumi na saba wenye hasira na viatu vizuri vya kutembea nyumba hadi nyumba, unang'oa mti mkubwa.

MWANAIDI: Na baada ya hapo uchaguzi mkuu ni kukamilisha ratiba tu. Pale Bronx na Queens Mdemokrati akishapitishwa na chama, Novemba ushindi ni wake.

SHABANI: Ndiyo maana wabunge wa kule hawamwogopi mpinzani wa chama kingine. Wanamwogopa Dave Brat.

MWANAIDI: Turudi kwenye mizizi kidogo. Tea Party ilianzaje?

SHABANI: Februari 2009. Obama ana mwezi mmoja tu madarakani, uchumi umeporomoka, serikali inataka kuwasaidia watu walioshindwa kulipia mikopo ya nyumba. Rick Santelli, mtangazaji wa CNBC, akiwa pale soko la bidhaa Chicago, akapandwa na jazba hewani, akasema patafutwe karamu ya chai, yaani "tea party", ya Chicago. Alikuwa anakumbusha ile ya Boston ya 1773, walipoitupa chai ya Waingereza baharini kwa sababu ya kodi. Ikifika 15 Aprili, siku ya mwisho ya kuwasilisha hesabu za kodi, maandamano yamezuka miji mingi.

MWANAIDI: Na watu wenye pesa nao hawakukaa mbali. Americans for Prosperity, kundi la akina Koch, ndugu mabilionea, lilikuwa pale pale na mabasi na mabango.

SHABANI: Lakini usiseme yote yalikuwa ya kupangwa. Kulikuwa na wastaafu waliokuwa wanakutana wenyewe maktabani, wanasoma katiba.

MWANAIDI: Sisemi. Nasema kulikuwa na vyote viwili. Upande wa pili mwanzo wake ni 2016. Sanders, mzee ambaye hata si mwanachama wa Democratic, anajiita mjamaa, anamkimbiza Hillary Clinton mpaka mwisho na kupata kama asilimia 43 ya kura za mchujo. Pesa alikusanya kidogokidogo mtandaoni, ule wastani wa dola 27 aliouimba kila jukwaani. Aliposhindwa, vijana wa kampeni yake hawakurudi nyumbani. Januari 2017 wakaanzisha Justice Democrats, wakaanza kusaka wagombea wa kushindana na wabunge wa chama chao wenyewe.

SHABANI: Na Indivisible je? Huo ndio ushahidi wangu mkubwa, usiufiche.

MWANAIDI: (anacheka) Sifichi. Simulia.

SHABANI: Desemba 2016 Trump ameshashinda, hajaapishwa. Watu waliowahi kufanya kazi katika ofisi za wabunge wa Democratic wanaandika mwongozo, wanauweka mtandaoni. Mle ndani wanasema wazi: tuliona kwa macho yetu Tea Party ilivyotutesa 2009, sasa tufanye vilevile. Usihangaike na Washington. Nenda kwenye mkutano wa mbunge wako wa hapo mtaani, mjaze ukumbi, muulize swali moja, usikubali akukwepe. Mwezi Agosti 2009 Wademokrati ndio walizomewa kwa ajili ya bima ya afya ya Obama. Februari 2017 Warepublican ndio wakazomewa, kwa kutaka kuifuta bima hiyohiyo. Dada yangu, kama hiyo si sura moja kwenye kioo, ni nini?

MWANAIDI: Ni kuiba silaha, na wizi wenyewe ulifaa. Julai 2017 jaribio la kuifuta ile sheria lilikufa Seneti kwa kura 51 kwa 49, John McCain, seneta wa Republican wenyewe, ameshusha kidole gumba kuikataa. Lakini angalia, kaka Shabani: Indivisible walishinda lini? Walipokuwa wanazuia. Hapo ndipo ninapotaka kukupeleka.

SHABANI: Nipeleke.

MWANAIDI: Tea Party walitaka nini? Matumizi yapungue, kodi isipande, bima ya Obama isiwepo. Yote hayo ni kuzuia. Kuzuia hakuhitaji wengi. Januari 2015 mabaki ya Tea Party bungeni wanaunda House Freedom Caucus, wabunge kama arobaini hivi, kwa kualikana. Wana kanuni: asilimia 80 wakikubaliana, wote wanafuata. Wabunge 435, hawa arobaini tu. Septemba mwaka uleule Boehner anatangaza anaachia uspika.

SHABANI: Na 2023 hata arobaini hawakuhitajika. Kevin McCarthy alipigiwa kura mara 15 ndipo akaupata uspika, na ili aupate akakubali kwamba mbunge mmoja tu anaweza kuleta hoja ya kumng'oa. Oktoba wakamng'oa, 216 kwa 210. Warepublican waliomgeuka walikuwa wanane.

MWANAIDI: Wanane! Sasa njoo huku kwangu. Mrengo wa kushoto unataka bima ya afya kwa wote, malezi ya watoto, hatua kubwa za tabianchi. Hivyo vyote ni vya kujenga. Kundi lao la maendeleo bungeni, Progressive Caucus, mwaka 2021 lilikuwa na wabunge karibu mia. Mara mbili na zaidi ya wale wa Freedom. Wakajaribu mchezo uleule wa kubana. Kulikuwa na miswada miwili: mmoja wa barabara na madaraja, ambao wa katikati waliupenda, na mwingine mkubwa wa mambo ya jamii na mazingira, ambao wao ndio waliutaka. Wakasema: barabara hampati mpaka mkubwa upite. Wakabana wiki kadhaa.

SHABANI: Wakaachia.

MWANAIDI: Tarehe 5 Novemba 2021 wakaachia. Mswada wa barabara ukapita 228 kwa 206. Sita tu wa kushoto walikataa, Ocasio-Cortez mmojawapo, na Warepublican 13 wakaja kuziba pengo. Desemba Joe Manchin, seneta mmoja wa West Virginia, akatokea kwenye televisheni akasema ule mkubwa haupigii kura. Basi. Umezimika.

SHABANI: Mwaka uliofuata kipande chake kilipita lakini. Fedha za tabianchi, bei za dawa.

MWANAIDI: Kwa masharti ya Manchin. Mwenye kutaka kitu huwezi kumtishia mwenzako kwamba utakivunja, anajua una njaa nacho. Yule wa Freedom Caucus ukimwambia "serikali itafungwa", anakujibu "ifunge".

SHABANI: Hapo ngoja, unawapa sifa wasizostahili. Oktoba 2013 waliifunga kweli kwa kukwamisha bajeti, siku 16. Ted Cruz, seneta wao, alishasimama Seneti akaongea kwa muda wa saa 21. Walipata nini? Hakuna. Bima ya Obama ikaendelea kama haikusikia. Na 2010 walishapoteza viti vya uhakika. Delaware walikuwa na Mike Castle, gavana wa zamani, kila mtu akijua atashinda Seneti. Wakamwondoa, wakamweka Christine O'Donnell, ambaye ilibidi alipie tangazo la kusema yeye si mchawi.

MWANAIDI: (anacheka sana) Lile tangazo!

SHABANI: Mgombea akishaanza kampeni kwa kueleza kwamba si mchawi, jua kumekucha. Na 2012 Indiana vilevile, wakamtoa Richard Lugar, mzee wa miaka 36 Seneti, kiti kikaenda kwa Democratic.

MWANAIDI: Nakubali, sawa. Kuzuia nako kunaweza kuungua. Ila ona tofauti nyingine hapo hapo: Tea Party walikuwa tayari kupoteza kiti ili kumwadhibu mtu. Watu wa kushoto walichagua zaidi maeneo ambayo chama hakiwezi kushindwa. 2018 Democratic walipochukua bunge, waliogeuza majimbo ya Republican wengi walikuwa wa katikati. Unajua nani alimtoa Dave Brat mwaka ule?

SHABANI: Abigail Spanberger. Mwanamke aliyekuwa afisa wa CIA.

MWANAIDI: Na si wa mrengo wa Sanders hata kidogo. Leo ni gavana wa Virginia.

SHABANI: Haya, nikuulize. Kama kujenga ni kugumu hivyo, mbona Tea Party walikimeza chama kizima na Sanders hakumeza? Usiniambie ni kwa sababu ya kuzuia tu.

MWANAIDI: Hapo ndipo mimi mwenyewe huwa nakwama. Maana ukitazama vizuri, Tea Party walikimeza chama halafu wao wakamezwa. Walianza kwa kulia deni la taifa. 2011 waliisukuma nchi mpaka ukingoni mwa kushindwa kulipa madeni, ikapoteza daraja lake la AAA, lile la juu kabisa la kuaminiwa na wakopeshaji, kwa Standard & Poor's. Halafu anakuja Trump, ambaye wala hakuwa na habari na kubana matumizi. Mick Mulvaney, mmoja wa waanzilishi wa Freedom Caucus, anakuwa msimamizi wa bajeti. Mwaka wa fedha 2019 nakisi inakaribia dola trilioni moja, na uchumi ulikuwa mzuri tu!

SHABANI: Na walinyamaza kimya.

MWANAIDI: Kimya. Mark Meadows, aliyekuwa mwenyekiti wao, akawa mkuu wa wafanyakazi Ikulu. Kwa hiyo ukiniuliza nani alishinda, watu walishinda, hoja zao zikabaki njiani. Kushoto ni kinyume: watu wengi hawakushinda, Sanders alikosa mara mbili, lakini hoja zao ziliingia kwenye ilani ya Biden.

SHABANI: Hapo umenishika kidogo. Ila na wazee wa Democratic wamejifunza, hawalali tena. 2024 waliwaondoa Jamaal Bowman na Cori Bush kwa mlango uleule wa mchujo. Mamilioni ya dola yaliyotoka kwa watu wa AIPAC, wale wanaoiunga mkono Israel.

MWANAIDI: Mkuki kwa nguruwe. Bowman na Bush waliingia 2020 kwa kuwapindua wazee wa chama, Eliot Engel na Lacy Clay. Miaka minne tu.

SHABANI: Kisha 2025 huyo kijana wa New York anatokea. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, mjamaa, anamshinda Andrew Cuomo, gavana wa zamani, kwenye mchujo wa umeya wa Juni, anamshinda tena Novemba. Hiyo unaiwekaje kwenye nadharia yako?

MWANAIDI: Naiweka mahali pagumu zaidi. Meya hazuii, meya anajenga. Ameahidi mabasi ya bure, malezi ya watoto, kodi za pango la nyumba zisipande. Kusimamisha kodi za pango kwa nyumba zile zinazodhibitiwa bei kuna bodi, na meya ndiye anayeiteua. Lakini mabasi na watoto vinataka pesa, na meya wa New York hawezi kupandisha kodi ya mapato bila ruhusa ya serikali ya jimbo la New York kule Albany.

SHABANI: Kwa hiyo amerudi palepale kwa Manchin.

MWANAIDI: Manchin wa Albany, ndiyo. Na safari hii hana hata mswada wa barabara wa kubana.

SHABANI: Labda anahitaji wale wanane wa McCarthy wamfundishe.

MWANAIDI: Wao wangemfundisha kufunga. Kufungua hawajawahi kujaribu.