Banda la Mbuzi: Anza na Sakafu

MWAJUMA: Karibuni wafugaji wa Tabora, na nyote mnaotusikiliza kwingine. Leo ni banda la mbuzi. Kaka Kulwa, mvua za Novemba zinakaribia. Mwenye fedha kidogo aanzie wapi?

KULWA: Kwenye sakafu, dada. Wengi hununua bati kwanza, mbuzi wanabaki kwenye udongo. Mpaka Aprili wanalalia matope na mkojo: kwato zinalainika na kuoza, vitoto vinaokota koksidia, vijidudu vya tumboni, kwenye kinyesi, vinaharisha na kufa. Tengeneza sakafu ya mabanzi, yaani mbao zilizoachana kidogo, uiinue mita 1 kutoka chini.

MWAJUMA: Nusu mita haitoshi?

KULWA: Haitoshi, kwa sababu ya koleo. Lazima mtu aingie chini kutoa samadi kila wiki. Isipotolewa inajaa hadi kugusa mabanzi, na ile hewa kali ya mkojo, amonia, inawapandia usiku kucha.

MWAJUMA: Na hewa hiyo haipimwi umesimama. Nenda alfajiri kabla hujafungua mlango, chuchumaa, pua yako iwe usawa wa mbuzi aliyelala. Macho yakiwasha, ujue mapafu yake yanaumia. Sasa mabanzi yaachane kiasi gani?

KULWA: Sentimita 1.5. Kinyesi kinapita, mguu haupiti. Kosa ninalolionea uchungu ni kupigilia mbao mbichi. Zikikauka zinasinyaa, upenyo unatanuka, kitoto kinatumbukiza mguu na kuuvunja. Anika mbao kivulini kwanza. Halafu chonga kipande cha ubao chenye unene wa sentimita 1.5. Kiweke kati ya banzi na banzi, gonga misumari, kichomoe, songa mbele. Ukimaliza, pitisha kiganja sakafu nzima; kichwa cha msumari kikichomoza, kigonge kizame.

MWAJUMA: Na mchwa wa huku?

KULWA: Paka oili chafu sehemu ya nguzo inayozama ardhini tu. Juu usipake, mbuzi wanalamba na kutafuna.

MWAJUMA: Ukubwa?

KULWA: Mita za mraba 1.5 kwa jike mmoja. Majike 10 wanatosha banda la mita 3 kwa 5. Beberu apate chumba chake.

MWAJUMA: Kuta nazo, jamani! Ikifika Juni, baridi ya usiku inawafanya watu wazibe banda zima kwa turubai. Unyevu unabaki ndani, homa ya mapafu inaingia.

KULWA: Ziba nusu ya chini, upepo usimpige aliyelala. Juu pabaki wazi, na paa lichomoze nje kiasi cha kuzuia mvua ya upepo. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, jua la mchana lisiwachome. Vitoto viwekee kisanduku chenye nyasi kavu pembeni. Zikilowa, badilisha siku hiyohiyo.