Kadi Yako Imepitia kwa Nani?

Walimu wangu, na ninyi mnaosomea uandishi wa habari, hamjambo.

Wamakonde wa Kwale, watu wenye asili ya Msumbiji walioishi Pwani ya Kenya miaka mingi bila uraia, hawakukosa kuonekana kwenye magazeti na runinga. Kamera zilifika, zikapiga picha ngoma ya sindimba na wachonga vinyago, zikarudi mjini. Kilichoachwa nje ni kwamba yule mchezaji ngoma hakuwa na kitambulisho, hakuweza kusajili laini ya simu kwa jina lake, na pesa alizotumiwa na mwanawe zilipitia kwa jirani.

Mimi niliyajua hayo kwa sababu yalikuwa nyumbani kwetu. Babu mzaa baba alitoka Msumbiji kuja kukata mkonge hapa Pwani wakati wa mkoloni. Mama ni Mdigo. Siku ya kuniandikisha, kwenye nafasi ya baba liliingizwa jina la mjomba, ili ofisi isije ikauliza mengi. Kadi ya kitambulisho ninayo, ila ukoo uliomo si wa baba yangu, na nimeishi na jambo hilo moyoni tangu utotoni.

Ndiyo maana nilipoingia kazi ya uandishi nilikuwa na swali langu. Wenzangu waliwauliza watu: mlitoka wapi? Swali hilo humfanya mtu ajitetee hata kabla hujamjua jina. Mimi nikauliza: kadi yako imepitia kwa nani, yaani uliipata, au unaitafuta, kwa jina la nani? Hapo watu wakaanza kufungua mifuko yao. Mama mmoja alinitandazia mkekani kadi za kliniki za wanawe, karatasi ya malipo ya shamba la mkonge yenye alama ya dole gumba la babake, na barua ya kutoka ofisini iliyokunjwa na kukunjuliwa hadi maandishi ya kwenye mkunjo yamefutika. Barua ilimtaka arudi na ushahidi zaidi. Zaidi ya huo?

Karatasi zile ndizo zilizonisukuma nikaisome sheria. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya 2011 ilimruhusu mtu asiye na uraia wa nchi yoyote, aliyeishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, aombe kusajiliwa kuwa raia. Muda wa kuomba ulikuwa miaka 5, na waziri angeweza kuongeza mingine 3. Muda ukayoyoma. Oktoba 2016 Wamakonde wakatoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaagiza wapewe vitambulisho kufikia Desemba. Wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Washona, nao waliokuwa bila uraia, ambao wazee wao walikuja kutoka Zimbabwe kueneza Injili, walipewa uraia 2021. Wapemba wa Pwani, 2023.

Kujitafuta, hata hivyo, kuna hatari zake. Mwandishi mwenye kiu ya kujua kwao husikia anachotamani kusikia. Wapo wenye damu ya Kimakonde waliooa na kuolewa Udigoni, ambao hawataki kabisa kuitwa Wamakonde. Ukiwaendea na kiu yako utawaona wamepotea, kumbe wamechagua. Niliwaandika kama walivyotaka waandikwe, ingawa liliniuma.

Na kuna jambo linalonikera hadi leo. Siku ya kugawa kadi waandishi hujaa hadi hakuna pa kusimama. Mwezi unaofuata hutamwona hata mmoja. Kadi haimpi mtu hati ya shamba alilolirithi kwa babake. Haimrudishi darasani kijana aliyeacha shule kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Na yule aliyekuwa baharini anavua siku maofisa wa usajili walipokuja, je? Atakayetumwa Kwale na mhariri wake aanze na huyo. Amwendee mzee wa mtaa, amuulize nani hakuwepo siku ile, na yuko wapi sasa.