Msipande Mti Pale Uwandani
(Mhadhara kwa jumuiya ya waongeaji wa Kiswahili, magharibi mwa Melbourne)

Wazee wetu, mama zangu, ndugu na vijana, asanteni kwa kubaki baada ya chakula. Walionisikia siku za nyuma wanajua ninakoelekea, na mtanivumilia, kwa sababu naelekea huko huko. Leo ni nyasi tena.

Ukishika barabara ya kwenda Melton au Werribee, katikati ya mtaa mpya na mtaa mpya unaofuata utaona viwanja vya majani makavu, mawe meusi na uzio uliolala. Tunapita na watoto ndani ya gari tunawaambia pale hakuna kitu. Juzi kijana wetu mmoja, mwenye nia njema kabisa, amenipigia simu: wamechangishana fedha kanisani, wanataka kununua miche ya mikaratusi wakaipande pale, waitengeneze sehemu. Nikamwambia subiri, nitakuja niseme mbele ya watu wote. Basi nasema. Msipande mti pale.

Nasikia mnavyoguna. Wengi wetu tumelelewa na "ukikata mti panda mti", na mtu akisema mti usipandwe anaonekana adui wa mazingira. Nisikilizeni kwanza. Uwanda huu wote wa magharibi umetokana na volkano. Lava ilimwagika ikapoa ikawa basalti, na juu yake ukakaa udongo mzito wa mfinyanzi, unaopasuka nyufa wakati wa joto na kutuamisha maji wakati wa baridi. Mvua zake ni chache kuliko za upande wa mashariki wa jiji. Miti haikutawala hapa. Kilichotawala ni nyasi, na katikati ya vishungi vya nyasi maua madogo ya kila namna, mengine hayafiki hata kifundo cha mguu. Mimea hiyo inataka jua la wazi. Ukiiwekea mkaratusi juu yake umeifunika, mizizi imeinywea maji, na majani yanayodondoka yamemaliza kazi.

Halafu kuna wanaonijibu, "Lakini mkaratusi si mmea wa Australia?" Ndugu zangu, Australia ni bara zima! Mgrevilea tulioupanda kwenye mashamba ya kahawa Meru na Kilimanjaro unatoka misitu ya Queensland na kaskazini mwa New South Wales, mbali sana na hapa. Mmea wa Australia unaweza kuwa mgeni Australia ile ile. Wanaojitolea kwenye vitalu vya miche vya huku magharibi wanauliza swali moja tu: mbegu hii imetoka wapi? Wanataka mbegu ya uwanda huu huu.

Sasa niwaonyeshe kitu. Nimekuja nacho kwenye bahasha, pitisheni mkono kwa mkono, msikirudishe kabla kila mtu hajakiona. Hiyo ni mbegu ya nyasi inayoitwa hapa nyasi za kangaruu. Tazameni ule mkia mrefu mweusi uliojisokota, wenye kiwiko katikati. Mtu aweke tone la maji juu yake. Ngojeni kidogo... mmeuona unavyogeuka? Ukilowa unajisokotoa, ukikauka unajisokota tena, na kila ukifanya hivyo unaisukuma mbegu ndani ya ufa wa udongo. Ncha ya mbegu ni kali, ina vinyweleo vinavyoelekea nyuma, kwa hiyo ikishaingia haitoki. Inajipanda yenyewe.

Jina lake la kisayansi ni Themeda triandra. Mliotoka Kajiado, Mara, Arusha, tazameni tena vizuri. Hizi ndizo nyasi za Serengeti. Ndizo nyasi za uwanda wa Athi. Sisemi zinafanana, ni aina ile ile moja. Zilikuwa hapa zamani za zamani, kabla ya meli yoyote. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisimama pale kwenye uwanda wa nyasi wa Derrimut akasema haoni kitu, mimi inaniuma, kwa sababu babu yake angeziona nyasi hizi angeuliza ng'ombe wako wapi.

Na babu yake angejua jambo la pili: nyasi hizi zinataka moto. Themeda isipochomwa, isipolishwa wala kufyekwa, majani makavu yanajilundika juu ya shina lake. Mwanga haufiki chini. Maua madogo yanatangulia kufa, na ikipita miaka kumi hivi shina zenyewe zinaanza kuoza. Wurundjeri, Bunurong na Wadawurrung, wenyeji wa ardhi hii, walichoma kwa vipande na kwa majira, na katika uwanda huo huo walichimba murnong. Ni mmea mdogo, ua lake la manjano, chini una viazi vyenye ladha tamu vinavyochomwa au kupikwa shimoni. Kina mama walichimba kwa vijiti, wakachukua vikubwa na kuacha vidogo, na udongo ukabaki laini. John Batman na wenzake, walowezi wa Kizungu, walifika 1835 na nyuma yao wakaja kondoo. Kondoo anakula jani, kisha anafukua mpaka kiazi. Kwato zikaugandamiza udongo. Ndani ya miaka michache chakula cha watu wa hapa kikawa kimetoweka karibu na mji. Nani kati yetu hajasikia habari ya mifugo ya mgeni kumaliza chakula cha mwenyeji? Ndiyo maana sikubali mtu aseme hii ni habari ya wazungu wanaopenda maua.

Mimea iliyosalia ilisalia wapi? Kwenye njia ya reli na makaburini. Kondoo hakuruhusiwa kuingia, plau haikupita, na kandokando ya reli nyasi zilichomwa kila baada ya muda ili zisilete moto mkubwa. Nendeni makaburi ya Truganina, mkatembee kwa heshima, mtaona Rutidosis, kijiua cha manjano cha duara kama kifungo cha shati. Kiko kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka nchini, nacho kimekaa pale katikati ya makaburi ya wakulima. Au ile okidi nyeupe yenye harufu, Diuris fragrantissima, ambayo kwa Kiingereza inabeba jina la Sunshine, ndiyo, mtaa huu huu wa Sunshine tunakonunua mihogo na samaki. Zamani ilitanda malishoni nyeupe. Ikaja kubaki mimea ya kuhesabika. Wataalamu wa Bustani za Mimea za Kifalme za jimbo letu la Victoria, pamoja na wapenzi wa okidi wanaojitolea, wamekuwa wakiiotesha maabara na kuirudisha porini. Kazi hiyo ni ngumu, kwa sababu mbegu yake ni vumbi tupu, haina akiba ya chakula, na bila kuvu fulani wa udongoni haioti.

Mama mmoja aliwahi kunikatiza hapa akasema, "Mwanangu, watu wanahitaji nyumba." Naam, mama, hata mimi nakaa kwenye nyumba iliyojengwa juu ya nyasi hizo. Sisemi tulale nje. Nauliza makubaliano yametekelezwa au hayakutekelezwa. Mwaka 2010 serikali ya Victoria ilikubali mji upanuke, na kama fidia ikaahidi kununua hekta 15,000 magharibi kuwa hifadhi ya nyasi ifikapo 2020. Mwaka 2020 Mkaguzi Mkuu wa jimbo akatazama, akakuta kama sehemu moja ya kumi tu ndiyo imenunuliwa. Na ardhi inayosubiri haikai bure, magugu yanaingia. Kumbukeni kwamba nyasi za asili za uwanda huu zilizobaki ni chini ya 5 katika kila 100, na zilizo katika hali nzuri ni kidogo zaidi. Mnapiga kura nyote. Mgombea akija hapa kula wali wetu, aulizwe hekta ngapi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, nakimbia.

Magugu. Adui mkubwa ni Nassella kutoka Amerika Kusini, ambayo kwa mbali ni nyasi nzuri tu. Lisokote jani lake kati ya kidole gumba na cha shahada: linaviringika kama sindano. Kisha vuta kidole juu yake kuelekea shinani, utahisi linakwaruza. Ndiyo hiyo. Na zile nyasi za Kikuyu mlizotandika uani ni za kwetu, za nyanda za juu Afrika Mashariki, lakini hapa zikivuka uzio zinafunika kila kitu. Zikateni ukingo.

Mbolea. Nimewaona watu wakija na samadi ya kuku kwa upendo mkubwa. Samadi yenu pelekeni kwenye mchicha, lengalenga na sukuma wiki. Mimea hii imezoea udongo maskini, ukiunenepesha unaalika magugu. Wapo wataalamu hapa Victoria wanaokwangua kabisa udongo wa juu ulionenepeshwa na kilimo, ndipo wanamwaga mbegu za asili, na nyasi zinarudi pamoja na maua yake.

Kujiunga. Tangu Arthur Swaby alipowaita watu hapa Melbourne mwaka 1957 wakaanzisha chama cha kukuza mimea ya Australia, kazi hii imebebwa na watu wa kawaida, walimu, wauguzi, wastaafu. Keilor Plains wana tawi lao, na maeneo mengi ya nyasi yana kikundi cha marafiki wake. Wengi wao sasa ni wazee, magoti yamechoka, na wanapokea mtu yeyote aliye tayari kuinama. Sisi tuna vijana, na tuna watu waliolima maisha yao yote ambao hapa wanakaa ndani wakitazama televisheni.

Mbegu msichume porini bila kibali, ni kosa kisheria. Viatu vipigwe brashi kabla ya kuingia, maana mbegu za magugu zinasafiri kwenye soli. Na wewe kijana wa miche ya mikaratusi, zile fedha zenu nendeni nazo kwenye kitalu cha mimea ya hapa, ombeni murnong na Themeda, tuzipande kwenye ule ukanda mbele ya kanisa, halmashauri ikiturudishia jibu. Barua nimeshaiandika, inahitaji sahihi, iko mezani karibu na chai. Mama mwenye kilemba cha kijani, ulinyoosha mkono tangu mwanzo. Karibu.