Msomaji wa Mwisho wa Karatasi

Mhadhara kwa wanachuo wa mwaka wa mwisho wa stashahada, Tanga

Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie kazi ya kuingiza data, na nilikubali siku ile ile nilipopigiwa simu, kwa sababu ndiyo kazi iliyonipa kiti cha kwanza ofisini na bado naipenda.

Nilipomaliza stashahada nilikaa nyumbani Ngamiani miezi saba, nikizungusha barua za maombi kwa miguu. Mwezi wa nane nikaitwa na kampuni moja ya kupokea na kusafirisha mizigo, ghala lake halikuwa mbali na bandari. Tulikuwa watu sita kwa nafasi moja. Tulikalishwa mbele ya kompyuta, kila mmoja akapewa karatasi tano zilizoandikwa kwa mkono wa mtu wa ghala, tukaambiwa: dakika 20, ingizeni.

Mimi ndiye niliyemaliza mwanzo. Nikanyoosha mkono. Akaja mama mmoja mtu mzima, yule aliyekuja kuwa msimamizi wangu, akasimama nyuma ya kiti changu. Hakuitazama skrini. Alichukua karatasi, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kimya, ndipo akainua macho.

"Mwanangu, hapa pameandikwa Abdallah Saidi. Wewe umeniwekea Abdalah Said."

"Mama, si jina lile lile?"

"Kwako na kwangu ni lile lile. Kompyuta itakuletea watu wawili."

Nafasi akapewa kijana aliyefikisha karatasi tatu tu kati ya tano, zote tatu safi. Mimi niliitwa wiki mbili baadaye, meli ilipotia nanga na karatasi zikawashinda.

Nawaeleza haya kwa sababu siku ile nilionyeshwa jambo ambalo sikulielewa mpaka miezi ikapita. Karatasi ya ghalani imepita mikononi mwa watu wengi: dereva, mpima mizani, mtunza ghala, mlinzi wa geti. Kila mmoja kaitia saini. Kisha inafika mezani kwako, unaiingiza, inatobolewa, inafungwa kwenye faili, faili linapanda rafu ya juu. Basi. Mhasibu ataona ulichoandika wewe. Meneja ataona ulichoandika wewe. Mteja akipiga simu kutoka Arusha kuuliza mzigo wake, atasomewa ulichoandika wewe. Hakuna tena atakayeifungua ile karatasi, labda pazuke ugomvi. Karani wa data ni msomaji wa mwisho wa karatasi, na mambo mengine yote nitakayosema leo yanatoka hapo.

Tuanze na usahihi, maana hapa chuoni asilimia 99 ni alama ya kumfurahisha mzazi. Chukueni namba ya kitambulisho cha taifa. Ina tarakimu 20. Sema wewe ni hodari, kila ukibonyeza mara 100 unakosea mara 1 tu. Ili namba moja iwe sahihi lazima tarakimu zote 20 ziwe sahihi. Pigeni hesabu: 0.99 ijizidishe yenyewe mara 20, mtapata kama 0.82. Maana yake kati ya watu 100 uliowaingiza, 18 hivi wamepata namba isiyo yao. Watu 18, na wewe ulijihesabu hodari! Kwa hiyo mkisikia ofisi inadai usahihi wa juu kuliko huo, msione wanawaonea.

Sasa kasi. Kuna wanaodhani kasi na usahihi ni maadui, ukiongeza hiki unapunguza kile. Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu ni mtandio wa yule mama.

Nilikuwa nachapa kwa vidole viwili, haraka kweli, lakini macho yangu yalikuwa na safari tatu: karatasi, kibodi, skrini, halafu tena karatasi. Kila safari ni nafasi ya kupotea mstari. Wiki ya pili Mama akavua mtandio wake wa begani akaufunika juu ya mikono yangu na kibodi. Akasema, "Tafuta F na J kwa vidole." Guseni kibodi zenu mkifika maabara: F na J zina vistari vilivyoinuka, na upande wa namba ile 5 nayo inacho. Vidole vya shahada vinakaa F na J, vingine vinajipanga pembeni, kila kidole na herufi zake. Wiki hiyo kasi yangu ilianguka hata nikaona aibu kukaa karibu na wenzangu. Wiki ya tatu ikaanza kupanda. Mwezi wa pili nilikuwa nimejipita mwenyewe, na kitu nilichopata kilichonishangaza zaidi ya kasi ni macho. Macho yalibaki kwenye karatasi tangu mstari wa juu hadi wa chini. Nikaanza kuona mambo ambayo awali nilikuwa nayapita: hii 7 mtunza ghala anaiandika kama 1, huyu dereva ametia saini mahali pa mwenzake, hili lori limebeba tani ambazo lori la ukubwa huo halibebi. Kasi ya vidole ndiyo iliyonipa nafasi ya kusoma.

Neno dogo kwa wanaoogopa majaribio ya kuchapa. Kipimo cha maneno kwa dakika hakihesabu maneno ya kamusi. Neno la kipimo ni mapigo 5, nafasi ikiwemo. Kipimo hicho kilianzia kwenye Kiingereza, chenye maneno mafupi. Neno letu moja, "walitutangazia", ni herufi 14, na nafasi yake inakuwa 15. Hilo peke yake ni maneno 3 ya kipimo. Basi msikate tamaa mkihesabu maneno ya Kiswahili mliyoandika mkaona ni machache. Na tazameni tena neno hilo: lina a nne. Kiswahili kimejaa a, na kwenye kibodi hizi a iko chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Sholes na wenzake waliounda mpangilio huu kule Marekani katika miaka ya 1870 hawakuwa wanatuwaza sisi. Zoezeni kidole hicho.

Nije kwenye kosa langu kubwa, ambalo nimewahi kulieleza kwa watu wachache.

Tulikuwa tumeshusha shehena ya mbolea, vibarua 64, na malipo yalihitaji namba za vitambulisho vyao. Mnyapara akaniletea karatasi, nikafungua Excel, nikachapa zote 64, kila moja nikiikagua kwenye karatasi kabla ya kubonyeza kitufe cha kuingiza. Safu ilikuwa nyembamba, ikaonyesha kitu kama 1.99E+19. Nikaipanua, nikaibadilisha ionekane kama namba, nikaona tarakimu 20 zimepangika, nikahifadhi. Mnyapara akachukua karatasi zake akaondoka. Kesho yake orodha ikarudi. Namba zote 64 zilikuwa zinaishia na sifuri tano.

Sikukosea hata pigo moja. Excel ndivyo ilivyo: ikiona namba inaihesabu kama kitu cha kujumlisha, na inashika tarakimu 15 tu. Za 16 na kuendelea inazigeuza sifuri, na ukishabonyeza kitufe cha kuingiza hazirudi. Namba ya simu nayo inaipokonya sifuri ya mbele, 07 inabaki 7. Dawa yake ni nyepesi sana: kabla hujachapa chochote, chagua safu nzima uiambie kwamba hayo ni maandishi. Namba ambayo hutaijumlisha wala kuizidisha si namba, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Sekunde tano za kazi. Mimi nilizijua baada ya kuzilipia.

Mnajua mji wetu unavyosifiwa: waja leo, waondoka leo. Vibarua nao wanaishi hivyo hivyo, shehena ikiisha wametawanyika. Karatasi za mnyapara zilikuwa zimelowa mvua kwenye bodaboda. Ilibidi tuwatafute mmoja mmoja kwa simu. Mzee mmoja alirudi kutoka Mabokweni kwa nauli yake, akanikabidhi kitambulisho kwa mikono miwili, akasimama kunisubiri. Nilizisoma tarakimu zile kwa sauti, naye akizifuata kwa midomo, maana alikuwa anazijua kwa moyo. Malipo yake yalichelewa siku nne. Hakunilaumu, na mimi ningetamani angenilaumu.

Baada ya hapo nikaanza kuuliza ni namba zipi zina mlinzi na zipi hazina. Namba ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7, na ile tarakimu ya mwisho inakokotolewa kutokana na zilizotangulia. Ukikosea moja, programu iliyotengenezwa vizuri inakukatalia hapo hapo. Simu zenu pia: bonyezeni *#06# mtaona namba ya tarakimu 15, ya mwisho ni mlinzi wa zile 14, kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IMB, nisameheni, IBM, katika miaka ya 1950. Mmesikia? Ulimi wangu umegeuza herufi mbili sasa hivi, na vidole hufanya vivyo hivyo. Lakini kilo hazina mlinzi. Idadi ya mifuko haina. Shilingi hazina. Ukiandika 5,940 mahali pa 9,540, kompyuta itapokea na kushukuru.

Hapo yule mama alinifundisha jambo ambalo wahasibu wa zamani wote wanalo. Jumla yako ikipishana na jumla ya karatasi, usianze kukagua mstari wa kwanza. Chukua tofauti, gawanya kwa 9. Ikigawanyika bila kubaki, yaelekea umegeuza tarakimu mbili. 9,540 ukitoa 5,940 ni 3,600. Gawa kwa 9, ni 400. Ile 4 inakwambia tarakimu zilizogeuzwa zinapishana kwa nne, kama 9 na 5. Kwa kuwa ni mia nne, ziko kwenye maelfu na mamia. Kwenye orodha ya mistari 300 unatupa macho kwenye sehemu hiyo tu. Na ukisahau sifuri, 45,000 ikawa 4,500, tofauti ni 40,500. Gawa kwa 9 unapata 4,500, ile ile uliyoiandika. Mara ya kwanza nilipoiona ikifanya kazi nilipiga kelele ofisini, mhasibu akadhani nimeona nyoka.

Kuna kosa jingine la kwetu peke yetu: saa. Mlinzi wa geti anaandika "saa 2", kompyuta inataka 08:00 au 20:00. Ukichapa 02:00 umemkosea yeye na umemkosea mteja. Zaidi ni ule usiku. "Saa 8, usiku wa kuamkia Jumanne" kwenye kompyuta ni Jumanne 02:00, na mgeni wa kazi akiiandika Jumatatu, ripoti inaonyesha lori limetoka kabla halijaingia. Nimeiona ripoti hiyo kwa macho yangu. Lisipoandikwa neno asubuhi wala usiku, nyanyua simu umuulize mlinzi. Usikisie.

Njia ya kukagua iliyotufaa kuliko zote ilikuwa kusomeana. Mmoja anashika karatasi, mwingine skrini, na zinasomwa tarakimu: nne, sita, sifuri. Hatusemi mia nne sitini, kwa sababu sikio linameza. Mambo ya viti na mgongo walimu wenu watawaambia. Mimi naomba tu mkono usiegemee ukingo wa meza kutwa nzima. Na orodha za watu hazipigwi picha kupelekwa WhatsApp, hata kwa nia ya kuomba msaada wa kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inamgusa karani.

Kijana pale nyuma ameniandikia swali: mashine hazitaichukua kazi hii? Sehemu yake zimeshaichukua. Sensa ya 2022 makarani walikwenda majumbani na vishikwambi, majibu yakaingia moja kwa moja, hakuna aliyekaa kunakili madodoso ya karatasi. Lakini tazama nani alikuwa mlangoni: karani. Aliyesikia "Abdallah" na kuamua aandike l ngapi ni mtu. Na msiache mtu awaambie ukarani ni kazi ya wasiofika mbali. Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapa hapa, alikuwa karani wa forodha tangu 1926, na miaka yake ya mwisho serikalini aliimalizia katika ofisi ya upimaji ya mji huu.

Nimeacha karatasi kwenye kila meza, mistari 40 ya kilo za mkonge. Nyuma yake nimechapisha kilichoingizwa kwenye kompyuta. Jumla mbili hizo zinapishana kwa 2,700. Mna dakika tatu, na nawaomba msianze na mstari wa kwanza.