Pima bati lenyewe, usipime jirani yake

Haya tuanze, muda wenyewe ndo huu. Walionisikia zamani wanajua nitakachosema na nitakisema tena: ukipima umri wa graniti umepima umri wa graniti, basi, bati hujaligusa, nasema bati la kuchimba ardhini, sio la kuezekea. Juzi nimeletewa ripoti moja nisome, wamechukua zirikoni za graniti, zile punje ndogo ngumu zinazotunza umri wa mwamba, wamezipima vizuri kabisa, halafu ukurasa wa mwisho wanaandika eti bati la eneo lile lina umri huohuo. Kwa ushahidi gani jamani? Mshipa wa bati unaikata ile graniti, maana yake umekuja baadaye, swali ni baadaye kiasi gani, na hapo ndo walipokimbia.

Chukueni Kagera, kule Kyerwa, na ule ukanda unaoendelea Rwanda, Burundi hadi Kivu. Kule kuna makundi mawili makubwa ya graniti ambayo kwa macho utasema ni ndugu wa tumbo moja, nyingi zimetokana na matope ya kale yaliyoyeyuka huko chini. Miaka mingi watu walikuwa wanapima umri kwa elementi mbili, rubidi na stronti, namba zinatawanyika, huyu anapata hivi yule anapata vile, ikaonekana kama magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa inapanda kidogokidogo bila kukoma. Zirikoni zikaja kupimwa, matokeo yakachapishwa 2010, hadithi ikageuka: kundi moja ni miaka milioni 1,375 hivi, rika moja na miamba ya nikeli ya Kabanga pale Ngara, na kundi la bati ni kama milioni 986. Karibu milioni 390 kati yao! Yaani mtu alikuwa anaweza kutafuta bati kwenye graniti ambayo haina habari nalo kabisa.

Na hata hapo msishangilie mapema. Koltani, madini ya niobi na tantali, ya pegmatiti za Gatumba kule Rwanda, ile miamba jamii ya graniti yenye fuwele kubwakubwa, ilipopimwa yenyewe, madini yenyewe sio mwamba wa jirani, ikatoa umri kuanzia milioni 975 mpaka kama 936. Sasa unayeniambia bati lote la ukanda ule ni 986 kwa sababu graniti ni 986, umejuaje?

Halafu graniti hizi za matope ndo mbaya zaidi kwa zirikoni, zimejaa zirikoni za kurithi kutoka kwenye yale matope, kiini kizee, ganda jipya, ukipiga leza katikati unapata umri wa babu yake. Atasema mwingine basi napima mika, yale madini ya vibao vinavyong'aa, iliyo kando ya mshipa. Mika nzuri, lakini ikipashwa joto la nyuzi 400 hivi inaachia agoni, gesi tunayohesabia umri wake, na saa inaanza upya, kwahiyo unaweza kuwa umepima tukio la baadaye lisilohusiana na bati. Kasiteriti, ndiyo madini yenyewe ya bati, inavumilia joto kubwa kuliko hilo, ina urani kidogo ndani yake, urani inageuka risasi, ile metali, saa ipo humohumo kwenye madini unayoyauza. Mwaka 1992 watu walishapima kasiteriti ya Bushveld kule Afrika Kusini, sio jambo la jana! Shida ilikuwa kuiyeyusha, hata asidi kali inaipa kisogo, leo leza inatuondolea hiyo kazi.

Najua swali la wenyeji wa hapa: Dodoma mawe ya graniti kila kona, mbona hatuna bati kama Kyerwa? Kwanza hizi zetu ni za kale mno, zimepita miaka bilioni 2.5, lakini umri peke yake haujibu, kemia ndo inajibu. Ganda la dunia lina bati kama gramu 2 kwa tani, mgodi unataka mara elfu ya hapo. Ili ifike huko bati lazima libaki kwenye uji wa magma wakati fuwele nyingine zinaganda, kama maji ya chumvi ya Bahi yanavyozidi ukali jua likiyakausha. Magma yenye oksijeni nyingi inaliingiza bati mapema kwenye madini ya titani na chuma, linatapanyika, limekwisha. Yenye oksijeni kidogo inalibakiza mpaka mwisho. Shikeni sumaku mkiwa fildi, graniti inayoivuta sana ina magnetaiti nyingi, kwa bati ni dalili mbaya. Mchimbaji mwenye sululu na karai hahitaji maabara kwa hilo.

Naona naonyeshwa saa, basi haraka. Niobi na tantali zinasaidia kujua bati limetoka kwenye mwamba wa aina gani: kasiteriti ya pegmatiti kwa kawaida inazibeba nyingi, ya mishipa ya maji moto inakuwa nazo chache. Kabla ya leza ya umri piga picha ya mwanga wa elektroni uone mistari, punje moja inaweza kuwa na vizazi viwili, ukivichanganya namba yako haina maana. Risasi ya mwanzo, iliyokuwemo tangu punje inaganda na haikutokana na urani yake, irekebisheni, msiirukie. Kuna habari ya kutambua chimbuko la mzigo kwa kemia, Wajerumani wa BGR, taasisi ya jiolojia ya serikali yao, wameifanyia kazi kwa madini ya Maziwa Makuu, hiyo inataka siku yake.

Ila wa Kyerwa mliokuja na mifuko, andikeni kwenye kila mfuko kama punje zimetoka kwenye mshipa au kwenye mchanga wa mto, na koodineti. Nikipata ya mto bila maelezo nitaweza kusema umri wake, mwamba wake siwezi kuwaonyesha. Haya, maswali.