Kidole cha Charlotte Shaw: wito wa muuguzi mmisionari

YOHANA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunakwenda Jos, Nigeria, mwanzoni mwa mwaka 1969. Dada Neema, wewe ndiye uliyeing'ang'ania mada hii.

NEEMA: Niliing'ang'ania, kaka Yohana, kwa sababu manesi vijana wanatuandikia sana: "Nahisi Mungu ananiita nikahudumu nje." Wengi wakiwaza wito wanaona ndege, wanaona kibaraza cha hospitali ya misheni na watoto wanaoimba. Mimi nataka waone kidole cha nesi mmisionari Charlotte Shaw.

YOHANA: Anza na Laura Wine, msikilizaji asipotee njia.

NEEMA: Sawa. Laura Wine alikuwa muuguzi Mmarekani wa Kanisa la Brethren. Alikwenda Lassa, kaskazini mashariki mwa Nigeria, katika umri ambao wenzake walikuwa wameshastaafu. Januari 1969 akaanza kuumwa mgongo, kisha koo likatoka vidonda, na homa. Penisilini haikumsaidia. Akapelekwa kwa ndege ndogo hadi hospitali ya shirika la kimisionari la SIM mjini Jos, na kesho yake akafariki.

YOHANA: Na pale Jos ndipo alipopokelewa na Charlotte Shaw.

NEEMA: Ndiye aliyekuwa zamu ya usiku. Mgonjwa kinywa kimejaa ute, anashindwa kumeza. Shaw akazungushia chachi kwenye kidole, akamsafisha kinywa. Ni kazi ambayo kila nesi anayetusikiliza ameshaifanya mara nyingi, hakuna anayekupigia makofi. Kidole chake kilikuwa na mkwaruzo mdogo, alichomwa na mwiba wa waridi alipokuwa akichuma maua. Alipokumbuka alinawa na kupaka dawa. Siku chache baadaye akaugua, na Februari akafariki.

YOHANA: Pole yao. Na hapo hakuna aliyejua ni ugonjwa gani.

NEEMA: Hakuna. Virusi vyenyewe vilikuwa bado havina jina. Akafuata nesi mwenzake, Lily Pinneo, aliyekuwa amemuuguza Shaw na kusaidia kwenye uchunguzi wa maiti. Naye homa ikampanda. Daktari Jeanette Troup wa Jos akakazana asafirishwe New York pamoja na sampuli za damu. Pinneo aliponea chupuchupu. Sampuli zikafika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa mtafiti wa virusi Jordi Casals, na virusi vikatambuliwa. Vikaitwa Lassa, kwa jina la mji ule.

YOHANA: Casals mwenyewe naye aliambukizwa, siyo?

NEEMA: Aliambukizwa. Wakachukua damu ya Pinneo, ambaye mwili wake ulikuwa umeshatengeneza kinga, wakatoa plazima, yaani majimaji ya damu yenye kinga hiyo, na kumwekea Casals. Akapona. Nesi aliyetolewa Nigeria akiwa hoi akawa tiba ya mtafiti. Fundi mmoja wa maabara palepale Yale hakubahatika, alifariki mwaka huohuo.

YOHANA: Na Daktari Troup?

NEEMA: Mwanzoni mwa 1970 ugonjwa ukarudi, safari hii wodini Jos kwenyewe, mgonjwa akiambukiza wagonjwa wenzake. Troup akajikata alipokuwa akichunguza maiti. Akafa Februari. Pinneo akarudi Nigeria baada ya yote hayo. Hapo huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu huyu alishajua kifo kinafananaje.

YOHANA: Lakini msikilizaji anaweza kusema: basi wito ni kwenda kufa.

NEEMA: Hapana, na hilo nalipinga kwa nguvu zote. Mungu hamwiti nesi aache glavu nyumbani. Walichokosa wale ni maarifa ambayo sisi leo tunayo. Miaka michache baadaye ilijulikana kwamba virusi hivyo hukaa ndani ya aina moja ya panya, Mastomys natalensis, anayeingia majumbani na kwenye ghala. Panya huyo hata Tanzania yupo, wakulima wa Morogoro wanamfahamu kwa kula mahindi, ingawa homa ya Lassa yenyewe iko Afrika Magharibi. Aliyekufa kwa kutojua tunamheshimu. Wewe unayejua, ukiingia wodini bila kinga kwa jina la imani, utawaambukiza wagonjwa waliokuamini.

YOHANA: Na kuna la ndege.

NEEMA: Lipo, na huwa halisemwi makanisani. Pinneo alipata ndege ya kumpeleka New York. Wagonjwa Wanigeria walioambukizwa wodini 1970 hawakuwa na ndege hiyo. Mmisionari asipolitazama hilo machoni, huruma yake ina kasoro.

YOHANA: Kuna dada ametuandikia, yuko wodi ya wazazi. Mama yake anamwambia, "Wagonjwa unaowafuata huko mbona hapa wamejaa?"

NEEMA: Mama ana hoja, asimjibu haraka. Na wito wa kweli huthibitishwa na wengine. Someni Matendo 13: kanisa la Antiokia lilifunga na kuomba, ndipo likawawekea mikono Barnaba na Sauli. Hawakujituma wenyewe, walitumwa. Basi aende kwa mchungaji na wazee wa kanisa, awaeleze. Leseni yake ya uuguzi iwe hai, chanjo zikamilike. Na aulize shirika linalompeleka, wazi kabisa: mshahara au michango inatoka wapi, nikiugua natolewaje, na wauguzi wenyeji wakiugua wanatibiwa wapi?

YOHANA: Na kanisa likimwambia asubiri?

NEEMA: Asubiri, ila asikae bure. Aombe kupangiwa wodi ya magonjwa ya kuambukiza, asome vizuri udhibiti wa maambukizi, na aanze kujifunza Kihausa au Kifaransa, kutegemea anakokwenda.