Uwanja Usiokuwa na Lango

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote. Mmeniona nimeingia na fidla. Nitaipiga, lakini kwanza nivumilieni nizungumze.

Mimi nimefunzwa fidla hapa Unguja, fidla ya taarabu. Nilifunzwa kukaa kitako, shati limepigwa pasi, jicho kwa mpiga kanuni, nisubiri zamu yangu. Mwaka 1994 nilikuwa nasoma Bristol, Uingereza, na wenzangu wakanichukua hadi Glastonbury, shamba la ng'ombe wa maziwa huko Somerset ambalo karibu kila kiangazi hugeuka mji wa mahema kwa tamasha la muziki. Jukwaa lao kubwa, la Piramidi, lilikuwa limeungua siku chache kabla, wakasimamisha jengine la muda. Usiku wakapanda Levellers, bendi ya Brighton. Mpiga fidla wao hakusimama mahali pamoja hata dakika. Anaruka, anazunguka, nywele zinampiga usoni, na fidla haikosei. Mbele yake bahari ya watu, vumbi hadi magotini, na kila mmoja anajua kila neno.

Nilirudi Bristol sikulala. Chombo changu mwenyewe nilikiona kigeni.

Sisi kwa Kiswahili tuna neno zuri, zilipendwa. Waingereza waliokuwa vijana wakati ule nao wana zilipendwa zao, na siku hizi wanazirudia kwa machozi. Ndiyo habari niliyokuja nayo: wanalilia nini hasa?

Tuanze na jina. Watu wale, wafuasi wa bendi kama Levellers, waliitwa "crusties". Mpishi yeyote hapa atanielewa nikisema wenye ukoko, maana ndilo neno lenyewe. Uchafu wa njiani ulikuwa unawakaukia nguoni kama wali unavyoshika chini ya sufuria. Jina la dharau, na wengine wakalivaa kwa fahari. Mabuti ya jeshi, suruali zilizotiwa viraka, sweta la sufu lililotoboka, nywele za rasta, mbwa aliyefungwa kwa kamba ya katani. Zile rasta zilitoka kwa Wajamaika, kwa njia ya rege, ambayo mapanki wa Uingereza, vijana wa muziki mkali wa magitaa, waliipenda tangu mwanzo. Wengi wao hawakuwa na habari za imani iliyozibeba nywele zile, na hilo sitalificha.

Muziki wao ulikuwa ndoa ya mapanki na ngoma za kijijini. Njia walikuwa wameshaifungua The Pogues, waliojikusanya London mwaka 1982. Walichukua nyimbo za Kiayarishi, za kodiani na filimbi ya bati, wakazipiga kwa hasira na haraka ya panki. Kutoka Bradford wakaja New Model Army, gitaa la besi linanguruma mbele kabisa. Levellers wenyewe walianza 1988, na albamu yao ya 1991 ndiyo iliyowatoa: fidla, mandolini, na dijeridu, lile baragumu refu la mti la wenyeji wa Australia. Kwa sikio la mwanamuziki nitawaambia siri yao. Tuni ni ya kuchezea, ya mguu mwepesi, watoto wa kijiji wangeicheza harusini. Chini yake ngoma haikubembelezi, inakusukuma mgongoni. Mwili unafurahi huku maneno yanashitaki.

Lakini bendi peke yake haifanyi utamaduni. Sisi tunajua: taarabu ni pamoja na ukumbi, ni bibi aliyenyanyuka kwenda kutunza, ni mahasimu wanaotupiana maneno kupitia kinywa cha mwimbaji. Na wale ukumbi wao ulikuwa uwanja wa majani. Tangu 1974 hadi 1984, kila mwezi wa Juni, watu walikusanyika kwenye mawe ya kale ya Stonehenge kwa tamasha lisilo na tiketi. Hakuna lango. Bendi zinapiga kwa sababu zimefika. Wengine wakaona, kwa nini turudi nyumbani? Miaka ile ya waziri mkuu Thatcher wasiokuwa na kazi walizidi milioni tatu, na kijana wa miaka 20 katika mji uliofungiwa viwanda nyumbani hakuwa na cha kurudia. Wakanunua mabasi mabovu, magari ya wagonjwa yaliyostaafishwa, malori ya kubebea farasi, wakatia jiko la kuni ndani, bomba la moshi likatokea juu ya paa, wakahamia. Kiangazi wanakwenda tamasha moja hadi jengine, wakichuma matunda mashambani na kuuza ufundi wa mikono.

Sasa fikeni nami tarehe 1 Juni 1985. Msafara wa magari kama 140 ulikuwa njiani kuelekea Stonehenge. Mahakama ilikuwa imekwisha piga marufuku tamasha. Polisi zaidi ya 1,300 wakaufungia barabara kwa malundo ya kokoto, na magari yakakimbilia shamba la pembeni, shamba la maharage. Jioni polisi wakaingia. Walivunja vioo vya mabasi kwa virungu na watu wamo ndani, wanawake wamebeba watoto, wakawaburura nje. Waliokamatwa walipita 500. Kumbukeni haya hayakuwa magari tu. Zilikuwa nyumba: kitanda, sufuria, picha za mama mtu. Mwaka 1991 baadhi ya wasafiri waliowashitaki polisi walipata fidia, na gharama za kesi zikaila yote.

Levellers waliliimba shamba lile kwa jina lake. Nilipousikia wimbo ule Glastonbury nilidhani ni wa vita vya zamani. Msichana pembeni yangu akaniambia, "Dada yangu alikuwemo." Nikakumbuka Siti binti Saad, alivyokuwa akiyachukua mambo ya mahakamani hapa mjini akayatia katika nyimbo, hata asiyejua kusoma akaijua kesi. Kazi ni hiyo hiyo.

Na jina la bendi halikuokotwa. Levellers wa kwanza walikuwa wanajeshi na mafundi wa karne ya 17, waliodai sheria iwe moja kwa tajiri na maskini. Cromwell, jemadari waliyempigania, aliwazima katika mji wa Burford mwezi wa Mei 1649, watatu wakapigwa risasi kwenye uwanja wa kanisa. Mwaka ule ule watu wengine, Wachimbaji, wakiongozwa na Gerrard Winstanley, walipanda mboga kwenye kilima cha Surrey wakisema ardhi ni hazina ya wote. Nao wakafukuzwa. Baadaye bunge likapitisha sheria moja baada ya nyengine za kuzungushia ua malisho ya kijiji, na mkulima akajikuta mgeni mahali alipochungia babu yake. Hapa pwani hatuhitaji kuelezwa sana mtu akikuta ua palipokuwa njia ya baba yake kwenda bahari. Ndiyo maana siwezi kuwaona watu wale kama wahuni wa mabasi. Walikuwa wanauliza swali la miaka 300, na waliliuliza kwa fidla.

Sitawapamba. Kulikuwa na pombe kali za makopo kuanzia asubuhi, na heroini ilipoingia kambini iliua. Kuna wakulima waliobaki na mashamba yenye kinyesi na majani yaliyokanyagwa, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Mwaka 1990 Glastonbury yenyewe ilimalizika kwa mapigano baina ya wasafiri na walinzi, na mwaka uliofuata tamasha halikufanyika. Na watoto waliozaliwa njiani hawakuchagua baridi ile.

Kisha likaja la mwisho. Mei 1992 watu wasiopungua 20,000 walikusanyika Castlemorton, malisho ya wazi ya kijiji, kwa wiki nzima, muziki wa mashine usiku na mchana, magazeti yakachachamaa. Jibu likawa sheria ya 1994, iliyopitishwa miezi michache tu baada ya usiku wangu ule. Sheria ile iliutaja muziki kwa tabia yake: mfululizo wa midundo inayojirudia. Mimi mwanamuziki, nikiisoma sentensi hiyo mwili hunisisimka. Magari sita tu yakikusanyika kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa, polisi wakapewa uwezo wa kuyaondosha. Na halmashauri, zilizokuwa na wajibu wa kuwatafutia kambi Wajipsi, watu wa asili ya kuhamahama, zikavuliwa wajibu huo. Hawa Wajipsi walikuwa njiani karne nyingi kabla ya mwenye ukoko yeyote, na wao ndio walioumia zaidi. Katika kumbukumbu tamu za siku hizi huwasikii wakitajwa.

Basi bendi zilibaki, uwanja ukaondoka. Levellers mwaka 1995 albamu yao ilishika nafasi ya kwanza Uingereza, yaani walifika juu kabisa wakati maisha waliyoyaimba yanapigwa marufuku. Tangu 2003 wana tamasha lao wenyewe huko Devon, na wanakataa wafadhili wa makampuni. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini tiketi ipo, na ua upo. Shane MacGowan, mwimbaji wa The Pogues, alipofariki Novemba 2023, mazishini kule Nenagh, Ireland, walipiga wimbo wao wa Krismasi, na jamaa zake wakanyanyuka kucheza ndani ya kanisa. Niliitazama picha ile mara nyingi. Kwa dakika chache kanisa liligeuka uwanja.

Miaka kadhaa nyuma nilirudi Bristol, nikakutana na mzee mmoja aliyewahi kuishi kwenye basi. Nywele amenyoa, anakaa ghorofa ya nne. Nilimuuliza anakumbuka bendi gani. Hakutaja bendi. Aliniambia bomba la maji lilikuwa wapi, nani alikuwa na shoka, mbwa yupi alikuwa akibweka kwenye ngoma, na moshi wa kuni mbichi ulivyokuwa ukikaa nguoni hadi Septemba. Halafu akaitoa fidla yake chini ya kitanda, nyuzi mbili zimekatika, akanifundisha tuni moja kwa nyuzi mbili zilizobaki. Tulikaa hadi jirani akagonga ukuta.

Ndiyo tuni nitakayoipiga sasa. Mara ya kwanza polepole, kama alivyonifundisha. Mara ya pili kwa mwendo wao, na wa dumbaki naomba aingie hapo, apige kwa nguvu. Viti vya mbele, mkiweza, visogezeni ukutani.